ROSALIND FRANKLIN HAKUISHIA KWENYE ILE PICHA YA DNA

Ukimtaja Rosalind Franklin, wengi wanakumbuka picha namba 51, ile eksirei ya DNA iliyopigwa 1952 kwenye maabara ya King's College, London, halafu mwanzoni mwa 1953 James Watson akaonyeshwa bila mwenyewe kujua. Hiyo imeandikwa sana. Mimi leo nataka miaka yake mitano ya mwisho.

Alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920, akasoma kemia Cambridge, akatafiti makaa ya mawe, akaenda Paris kujifunza eksirei za vitu vidogo mno. King's hakuelewana na mwenzake Maurice Wilkins, basi Machi 1953 akahamia chuo cha Birkbeck, hapo hapo London. Huko akashika kirusi cha batobato ya tumbaku (siyo batobato ya muhogo, kile ni kirusi kingine kabisa).

Sasa kwa nini kirusi? Kumbukeni biolojia ya sekondari. Maelekezo ya kutengeneza protini yako kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. Inatolewa nakala, RNA, inapelekwa kwenye ribosomu. Ribosomu inasoma herufi tatu tatu, kila tatu inaleta asidi amino moja, zinaungwa kama shanga mpaka protini inakamilika. Kirusi hiki hakina DNA wala ribosomu, kina RNA na koti la protini basi. Kikiingia kwenye jani, ribosomu za tumbaku zinasoma RNA ya mgeni kama ya kwao, zinamshonea adui makoti! Mwaka 1956 ilithibitishwa kwamba RNA hiyo peke yake, bila koti, inaambukiza jani.

Franklin alitaka kujua hayo maelekezo yamekaa wapi. Eksirei zake zikaonyesha kirusi ni mrija wenye tundu katikati, lakini RNA haipo kwenye tundu. Imezunguka ndani ya ukuta wa protini, kama springi. Jinsi ya kuzisoma zile herufi ilianza kujulikana 1961 tu, yeye hakuiona.

Maana mwaka huo huo wa 1956 aligundulika ana saratani ya ovari. Akapasuliwa, akarudi kazini. Jamani, mtu anaumwa vile na bado anatengeneza modeli ya kirusi, urefu kama mita moja na nusu, kwa mipira ya tenisi ya mezani na mipira ya kushikia usukani wa baiskeli! Ilikuwa ya maonyesho ya dunia Brussels. Alifariki 16 Aprili 1958, umri miaka 37. Maonyesho yalifunguliwa kesho yake.

Nobeli ya DNA ilitolewa 1962 kwa Watson, Crick na Wilkins. Aaron Klug, aliyefanya naye kazi ya virusi, akapata yake 1982.

Biolojia niliishia form four, kwa hiyo mdau ukiona nimechapia kwenye ribosomu nirekebishe hapo chini.