Linda Richards na Uuguzi wa Wagonjwa wa Akili

Wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi bila shaka wamepata kukutana na mtu asemaye maneno yasiyo na mwelekeo, apiganaye na kila amkaribiaye, na watu wote wakakata shauri kwamba amerukwa na akili. Huenda ni kweli. Lakini huenda vilevile mtu huyo amegongwa kichwa, au malaria imempanda kichwani, au sukari imepungua mno katika damu yake. Ni nani atakayeitambua tofauti hiyo kabla hajafungiwa chumbani? Kwa ajili ya swali hilo twasimulia leo maisha ya Linda Richards, bibi wa Kimarekani.

Alizaliwa tarehe 27 Julai, 1841, karibu na mji wa Potsdam katika jimbo la New York, akakulia Vermont. Wazazi wake wote wawili walifariki kwa kifua kikuu. Baba alitangulia, mama aliuguzwa na Linda mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1854, wakati binti huyo alikuwa na umri wa miaka 13 tu. Baadaye alichumbiwa na George Poole, kijana aliyekwenda kupigana katika jeshi la Muungano, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Poole alirudi akiwa na majeraha. Linda alimtunza mpaka alipofariki mwaka 1869. Hakuolewa kamwe.

Mwaka 1872 alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa katika chuo cha uuguzi cha New England Hospital for Women and Children, mjini Boston, na mwaka uliofuata alihitimu. Ndiyo sababu huitwa muuguzi wa kwanza wa Marekani aliyepata mafunzo rasmi. Kazi ilikuwa nzito: waliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakatoka wodini saa tatu usiku. Walifundishwa kando ya kitanda kusoma kipimajoto, kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi. Hata hivyo majina ya dawa walifichwa. Chupa zilitiwa namba tu! Kwa maoni yetu, jambo hilo laonyesha jinsi muuguzi alivyohesabiwa kuwa mikono bila kichwa.

Kutoka hapo alikwenda Bellevue, New York, kuwa msimamizi wa zamu ya usiku. Huko ndiko anakosifiwa kwa kuanzisha kumbukumbu ya maandishi ya kila mgonjwa. Askari aliyepata kupokea lindo bila kitabu cha zamu ataifahamu thamani ya jambo hilo bila kuelezwa. Baadaye aliongoza vyuo vya Boston, akazuru Uingereza na kuonana na Florence Nightingale, kisha akafundisha uuguzi Kyoto, Japani, kwa muda wa miaka mitano hivi.

Lakini sisi twaipa uzito zaidi kazi ya uzeeni mwake. Kuanzia mwaka 1899 alisimamia uuguzi katika hospitali za wagonjwa wa akili, kwanza Taunton, kisha Worcester, na mwisho Kalamazoo katika jimbo la Michigan, hadi mwaka 1909. Zama zile watumishi wengi wa mahali kama hapo walikuwa walinzi kuliko wauguzi. Richards alishikilia kwamba mgonjwa wa akili astahili uangalizi usiopungua ule wa mgonjwa wa mwili, na watumishi wafunzwe vivyo hivyo. Alifariki tarehe 16 Aprili, 1930, katika hospitali ile ile aliyosomea.

Sayansi ilimpa haki angali hai. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore walivikuta vijidudu vya kaswende katika bongo za marehemu waliokuwa wamepooza na kuharibikiwa akili. Ugonjwa wa mwili ulikuwa umevaa nguo za wazimu.

Mwaka 1965, huko Colorado, yalianza mafunzo ya wauguzi wa daraja la juu wenye kupima na kutibu. Siku hizi hata wale wa Marekani wanaojifunza kutibu maradhi ya akili hulazimika kusoma upimaji wa mwili mzima: kusikiliza moyo na mapafu, kubonyeza tumbo, kuchunguza mboni za macho, kupima nguvu za viungo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huuawa na maradhi ya mwili kama ya moyo. Tena baadhi ya dawa za akili huongeza unene na sukari mwilini. Kwa hiyo muuguzi huyo, baada ya kumsikiliza mgonjwa habari za sauti azisikiazo, humpandisha kwenye mizani, humpima shinikizo la damu, na kuyaandika yote.