Mpiga Piano Aliyekuwa Waziri Mkuu
Wapo wanaodhani kuwa mwanamuziki ni mtu wa kukumbukwa siku ya sherehe tu. Hao tunawaelekeza kwenye maisha ya Ignacy Jan Paderewski, mpiga piano na mtunzi, aliyezaliwa mwaka 1860, nchi yake ya Poland ikiwa imegawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria. Opera yake, Manru, ilionyeshwa mwaka 1901. Kwa fedha zake alijenga mnara wa Grunwald mjini Kraków, mwaka 1910. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliizunguka Marekani akipiga piano na kuwatetea watu wake. Mwaka 1919 akawa Waziri Mkuu wa Poland huru, akatia saini Mkataba wa Versailles, na kabla ya mwaka kwisha akajiuzulu. Alifariki New York mwaka 1941. Mabaki yake yakarejeshwa kwao mwaka 1992. Viongozi wetu wa visiwani wazingatie: msanii naye ni mjenzi wa taifa.