Maisha ya Nikolai Gogol, Mtungaji wa Mchezo wa Mkaguzi

Mwanafunzi ye yote wa bweni ajua jinsi shule inavyobadilika habari za mkaguzi zikisikika. Mafagio hutafutwa, nyasi hufyekwa, na vitanda hutandikwa kama vya hospitali. Palikuwa na mtu wa nchi ya mbali aliyeyajua sana mambo haya, na maisha yake ndiyo nitakayosimulia.

Nikolai Gogol alizaliwa mwaka 1809 katika jimbo la Poltava, nchi ya Ukraine, iliyokuwa wakati ule chini ya Mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa na shamba, naye alitunga michezo ya kuchekesha kwa lugha ya Kiukraine. Mtoto alikua akiisikia lugha hiyo, lakini vitabu vyake aliviandika kwa Kirusi, lugha ya dola, kama mtoto wa Ufipa asemavyo Kifipa nyumbani na kuandika insha zake kwa Kiswahili. Mwaka 1821 alipelekwa shule ya bweni katika mji wa Nizhyn. Katika masomo hakuwa hodari sana, lakini katika michezo ya shule alisifiwa mno, hasa alipoigiza wanawake wazee.

Mwaka 1828 alimaliza shule akaenda Saint Petersburg, mji mkuu, akitumaini kupata cheo na sifa. Mwaka uliofuata alichapisha shairi refu kwa jina la kubuni. Wahakiki wakalicheka. Gogol akazunguka madukani, akazikusanya nakala zilizobaki, akazichoma moto. Akajaribu kuwa mwigizaji, akakataliwa. Mwisho akawa karani mdogo wa serikali, mwenye mshahara haba. Lakini hapo ndipo alipoona jinsi wakubwa wanavyoogopwa na jinsi wadogo wanavyojipendekeza. Tangu mwaka 1831 hadithi zake za Ukraine zilimpatia jina.

Mwaka 1835 alimwandikia rafiki yake Pushkin, mshairi mkuu wa Urusi, akimwomba kisa cha kutungia mchezo. Inasemekana Pushkin ndiye aliyempa kisa cha msafiri aliyedhaniwa kuwa mkaguzi.

Mchezo wenyewe ni huu. Katika mji mdogo ulio mbali na mji mkuu, mkuu wa mji apata habari kwamba mkaguzi anakuja kwa siri. Wote watetemeka. Walinzi wa mahakama wafuga mabata bukini barazani mwake, mkuu wa posta hufungua barua za watu, na wagonjwa hospitalini ni wachafu. Basi wamwona kijana mmoja mgeni katika nyumba ya wageni, wasema huyu ndiye. Kumbe ni karani tu, aliyemaliza fedha zake kwa kamari, asiyeweza hata kulipa chakula. Wamkopesha fedha, wamfanyia karamu, na mkuu wa mji amwahidi binti yake. Kijana akiisha ondoka, barua yake yafunguliwa na ukweli wajulikana. Papo hapo aingia askari na habari kwamba mkaguzi wa kweli amefika, na wote wasimama kama sanamu.

Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836 huko Saint Petersburg. Mfalme Nikolai wa Kwanza alikuwapo, akacheka. Lakini maofisa wengi walikasirika, na wengine waliuona kuwa upuuzi tu. Gogol aliumia moyo, maana hakutaka watu wamcheke karani yule, bali kila mtu ajitazame mwenyewe. Mwaka ule ule akaiacha nchi, akaishi ugenini miaka mingi, hasa Roma. Mwaka 1842 alitoa kitabu chake kikubwa, Roho Zilizokufa. Mwaka 1848 alikwenda kuhiji Yerusalemu. Hata hivyo moyo wake haukutulia. Februari 1852 aliichoma moto sehemu ya pili ya kitabu kile, akakataa kula, na siku chache baadaye akafa, akiwa na miaka 42.

Lakini mchezo wake haukufa. Meyerhold aliuonyesha Moscow mwaka 1926 kwa namna mpya na ya ajabu. Marekani waliutengenezea filamu mwaka 1949, na Wahindi yao mwaka 1950. Kisha Christon Mwakasaka akaufasiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1979 kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Watungaji waliokuja baadaye na michezo ya mambo yasiyo na maana, ambamo watu hungoja na kuogopa bila kujua kwa nini, wahesabiwa kuwa walifuata njia aliyoifungua yeye.

Wenzangu, Gogol alichoma kazi yake zaidi ya mara moja, ya kwanza baada ya kuchekwa, ya mwisho karibu na kufa kwake. Alichokichoma sicho kilichomletea sifa. Alichokiweka mbele ya watu, ingawa walimkasirikia, kimevuka mipaka mingi hata kikafika katika lugha yetu. Basi tuigizapo ukumbini tusiogope kicheko. Na siku mkaguzi atakapokuja tena, heri atukute tumefagia tangu jana, kwa kuwa twapenda usafi, si kwa kuwa yeye anakuja.