Sheikh Al-Amin Mazrui aliwatetea mabinti wetu kitambo

Kila Januari shule zikifunguliwa, hapa Ukunda na Msambweni nasikia maneno yale yale: karo haitoshi, basi kijana wa kiume atangulie, msichana asubiri. Na wapo wanaoyavisha maneno hayo kilemba cha dini. Hao ningependa wamjue marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ambao sisi wa Kwale tunaujua kwa Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Hakuwa mtu wa kuokota fatwa barazani.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Aliandika Kiswahili ili asiyejua Kiarabu naye apate, na humo akawakemea Waislamu wa Pwani kwa kulala wenzao wakisoma. Aliandika pia kuhusu wajibu wetu kwa wanawake. Msimamo wake ulikuwa wazi: dini imempa binti haki ya elimu, anayemzuia ni mila zetu, na mama akiachwa katika ujinga, watoto wake huurithi.

Si kwamba alitaka tuige Wazungu. Aliwaonya sana vijana juu ya hilo, na elimu aliyowatakia wasichana ilielekea zaidi dini, malezi na nyumba. Hapo mimi naona safari aliiacha njiani. Leo sisi sisi tunataka wake zetu wazalishwe na daktari mwanamke. Huyo daktari atatoka wapi, ikiwa binti wa Diani anakatizwa masomo ili amlee mdogo wake? Lakini kwa sheikh wa zama zile kuyasema hadharani hata hayo aliyoyasema, alihitaji moyo.

Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki mwaka 1947, Mwenyezi Mungu amrehemu. Makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Khatibu anayetafuta mada ya khutba kabla shule hazijafunguliwa anaweza kuanzia humo.