Mkono wa kulia ulikwenda, shabaha ikabaki

Hebu fikiria umejinoa miaka mingi kwa kazi inayotegemea mkono mmoja, halafu ghafla mkono huo unaharibika. Utafanyaje?

Hayo yalimkuta Károly Takács, aliyezaliwa Budapest, Hungary, mwaka wa 1910. Alikuwa mwanajeshi na mlenga shabaha hodari wa bastola. Mwaka wa 1936 alinyimwa nafasi ya Olimpiki kwa sababu ya cheo tu: yeye alikuwa sajini, na timu ilikuwa ya maafisa. Sheria ilipolegezwa, akaanza kuiota Olimpiki ya 1940. Wapi! Mwaka wa 1938, wakiwa mazoezini jeshini, guruneti lilimlipukia mkono wa kulia, ule ule wa kufyatulia.

Alilazwa hospitalini mwezi mmoja. Alipotoka hakumtangazia mtu. Akaanza upya kwa mkono wa kushoto, kimyakimya.

Usidhani ustadi wa bastola hutokana na kumaliza masanduku ya risasi. Risasi ni ghali. Walenga shabaha hujinoa sana nyumbani kwa bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine. Wanalenga doa ukutani na kuvuta kifyatulio polepole, wakiangalia kama mtutu umetikisika. Ukitikisika, wanarudia. Zoezi hilo ni karibu bure, ila ladai subira, maana kidole hakifunzwi kwa siku moja. Takács alikuwa na kidole kipya cha kufunza.

Mwaka wa 1939 alitokea kwenye mashindano ya taifa. Wenzake walimpa pole wakidhani amekuja kutazama. Akawashinda wote.

Vita vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Angekata tamaa, nani angemlaumu? Lakini London, 1948, akiwa na miaka 38, alitwaa dhahabu ya bastola ya kasi kwa pointi 580, rekodi ya dunia. Helsinki, 1952, akaitwaa tena. Alifariki 1976.

Wewe huenda hutawahi kushika bastola, na si lazima. Lakini kila fani ina zoezi lake la bure: mpira wa kudunda ukutani pale ploti, vidole vya gitaa kabla hujanunua gitaa lenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Leo jioni, bila kumwambia mtu, anza.