Mwalimu Nyerere na Mgeni Aliyebisha Hodi



Miezi hii katika vikundi vya maombi limerudi swali lile lile. Ndugu amefika usiku kutoka ng'ambo ya mpaka. Hana karatasi, hajaandikishwa, na anaogopa ofisi yoyote yenye bendera. Je, mwenye nyumba amfiche kwa sababu Bwana alisema kwamba aliyemkaribisha mgeni amemkaribisha yeye? Au ampeleke kujiandikisha, kwa sababu Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mamlaka yaliyopo yametoka kwa Mungu? Wazee wetu wamegawanyika, na wengine hata hawasalimiani vizuri. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mtu aliyebeba pande zote mbili za swali hilo. Alikuwa Mkristo wa kwenda misa kila siku, na wakati huo huo ndiye aliyekuwa akiziwekea sheria sahihi. Huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Tunajua kwamba wengi wetu si Wakatoliki, lakini wengi wetu tulikula mahindi ya nchi yake, kwa hiyo tumsikilize.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo sana. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu. Mtoto alichunga mbuzi mpaka alipopata miaka 12, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, na baadaye Tabora. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa mtu mzima aliyechagua mwenyewe, akachukua jina la Julius. Alisoma Makerere, akafundisha shule ya Wakatoliki ya St. Mary's Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, alikokaa mpaka 1952. Aliporudi akamwoa Maria Gabriel, akafundisha Pugu karibu na Dar es Salaam. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata ilibidi achague kati ya chaki na siasa. Akaiacha chaki, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Mambo ya uhuru mnayajua, hatutakaa huko. Lipo moja tu tunalotaka mlikumbuke. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wabunge wengine walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika weusi peke yao. Nyerere alisimama akapinga kwa ukali, na akaonya kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kupitisha sheria inayompima mtu kwa rangi ya ngozi. Alishinda. Kwa hiyo kabla hajawa rais wa nchi huru alikuwa amekwisha kusema kwamba sheria ya uraia yenyewe inaweza kuwa dhambi, na kwamba kazi ya mtawala mwamini ni kuirekebisha kabla haijamfikia mnyonge.

Wakati huo wakimbizi walikuwa tayari mlangoni. Baada ya machafuko ya Rwanda yaliyoanza Novemba 1959 familia za Watutsi zilivuka Kagera kuingia Ngara na Karagwe. Wengine waliwekwa Muyenzi, wengine baadaye Mwesi, kule Mpanda. Wapo wazee hapa Nyamirambo ambao Kiswahili chao ni cha huko, na ukiwasikiliza utajua mara moja kwamba hawakujifunzia Biryogo.

Kanisa lake lilikuwa likimfundisha nini? Mwaka 1952 Papa Pius wa 12 alitoa waraka mrefu juu ya wahamiaji, na mwanzo wake ni Yusufu na Mariamu wakikimbilia Misri na mtoto. Yaani kila familia iliyokimbia inafanana na ile. Aprili 1963 Papa Yohane wa 23 akaandika kwamba mtu mwenye sababu ya haki ana haki ya kuhama na kuingia nchi nyingine, na kwamba mkimbizi hapotezi utu wake wala haki zake kwa kuwa amepoteza nchi. Lakini mafundisho hayo yana upande wa pili, ambao wahubiri wa huruma huuruka na wahubiri wa sheria huushika peke yake. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inaviweka pamoja. Inasema mataifa yenye nafasi yana wajibu wa kumpokea mgeni kwa kadiri yanavyoweza, watawala wanaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na mgeni naye ana wajibu wa kuiheshimu nchi iliyompokea na kutii sheria zake. Ukilitazama fundisho hilo kwa makini utaona kwamba wajibu wa kwanza kutajwa ni ule wa mwenye nyumba. Sisi tunaamini mpangilio huo haukutokea kwa bahati.

Nyerere alifungua mlango, halafu akatunga sheria ngumu. Sheria ya kuwadhibiti wakimbizi ya mwaka 1965 ilimpa waziri uwezo wa kuamuru mkimbizi akae eneo fulani na asitoke bila kibali, na ilitoa uwezo wa kumkamata na kumfukuza nchini. Kwa nini mtu wa huruma akaandika hivyo? Tukumbuke wakati ule. Desemba 1963 wapiganaji wakimbizi waliingia Rwanda kutoka Burundi kwa silaha, na waliolipa kwa damu ni Watutsi maelfu waliokuwa wamebaki ndani, hasa Gikongoro. Rais yeyote wa jirani aliona jinsi kambi inavyoweza kugeuka kituo cha vita na kuwaletea kisasi watu wasio na hatia. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu ya kweli. Hata hivyo sheria ile haikumgusa mwenye bunduki peke yake. Ilimgusa pia mama aliyetaka kwenda kumwona binti yake aliyeolewa mbali.

Mwaka 1972 ukaja msiba wa Burundi. Wahutu wengi mno waliuawa, wasomi kwanza, na makumi ya maelfu wakakimbilia Kigoma. Hapo Nyerere alifanya jambo ambalo mpaka leo linazungumzwa. Hakuwapa hema tu, aliwapa ardhi. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972 katika mkoa wa Tabora, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwishoni mwa miaka ya 70, zote mbili kule Mpanda. Kila familia ilipimiwa shamba. Serikali ilitoa nchi, Umoja wa Mataifa ulitoa fedha, na shirika la Kikristo la TCRS, lililotokana na Walutheri, lilichimba visima na kujenga shule na zahanati. (Kumbe rais Mkatoliki na mafundi wa Kilutheri waliweza kukaa meza moja kwa ajili ya wakimbizi. Tunalitaja hili kwa ajili ya makanisa yetu mawili yanayogombania turubai.) Baada ya miaka michache watu wale walikuwa wakijilisha na kuuza ziada.

Wema huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalivuka mpaka na kushambulia vijiji vya Tanzania, raia wakafa. Makuli wa bandari wakagoma kushughulikia mizigo ya Burundi. Ingekuwa rahisi kusema wageni hawa wametuletea balaa, warudi kwao. Nyerere hakusema hivyo. Alisogeza makazi mbali na mpaka na akaendelea kuwapokea.

Lakini aliyeishi Mishamo atakuambia kwamba kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Ulyankulu ilipozidiwa na watu kuliko maji na udongo wake, maelfu waliambiwa wafungashe, wakahamishiwa Mishamo, porini, kuanza upya. Na tusiwaonee Watanzania kwa kusahau kwamba miaka hiyo hiyo, kati ya 1973 na 1976, wananchi wenyewe walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, nyumba nyingine zikichomwa. Mwalimu alikuwa na tabia hiyo: akikupenda alitaka pia kukupanga. Sisi tunaona ndilo kosa lake kubwa, nalo lilitoka mahali pale pale ulipotoka wema wake.

Nje ya nchi alikuwa mmoja wa viongozi waliosukuma Afrika iwe na sheria yake ya wakimbizi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Ulisema kumpa mtu hifadhi si kitendo cha uadui kwa nchi yake, mtu asisukumwe mpakani kurudi kwenye hatari, na asirudishwe kwao bila hiari yake. Ukasema pia kwamba mkimbizi atii sheria za nchi aliyomo na asiitumie kuishambulia nchi aliyotoka. Ndugu wanaosema sheria na huruma ni maadui wausome mkataba huo. Mei 1979 mkutano mkubwa wa wakimbizi wa Afrika ulifanyika Arusha, na Nyerere alishikilia kwamba wakimbizi wa Afrika ni jukumu la Afrika yenyewe kwanza, kabla ya kunyoosha mkono kwa wengine.

Mwaka 1980 serikali yake ilitoa nafasi ya uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Nchi ilikuwa maskini, imetoka vitani na Idi Amin mwaka uliotangulia, maduka hayana sabuni.

Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Nansen kwa kazi yake kwa wakimbizi. Tungependa kuishia hapo, lakini mwaka huo huo, mwezi Novemba, Tanzania iliwarudisha Kenya askari waliokuwa wamekimbia baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akiwemo Hezekiah Ochuka, wakabadilishwa na Watanzania waliokuwa wakitafutwa na Dar es Salaam. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Wapo watakaosema yule hakuwa mkimbizi wa kawaida, alishika bunduki dhidi ya serikali. Ni kweli. Lakini alikuwa ameomba hifadhi akapewa, na mtu akishapewa mkeka chumbani si haki kumfanya bidhaa ya kubadilishana. Tunaliandika hili kwa sababu kanisa lake linaendelea kuchunguza maisha yake tangu mwaka 2005, na leo linamwita Mtumishi wa Mungu. Uchunguzi wa namna hiyo hauogopi kurasa zenye doa.

Alistaafu urais mwaka 1985 kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Aliandika Injili na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya Kiswahili. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa Warundi, akiwa msuluhishi, na mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998. Warundi wengine walimlaumu kwamba anaegemea upande. Wengine walimwona kama baba. Mkiuliza ndani ya mkusanyiko wetu wenyewe mtapata majibu yote mawili kabla ya chai kwisha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi Agosti 2000, yeye akiwa hayupo.

Mlango wake haukubaki wazi vile vile. Desemba 1996 Tanzania iliwaamuru wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2013, katika operesheni iliyoitwa Kimbunga, maelfu waliletwa huku Rwanda, wengine wakiwa wameishi kule miongo na miongo, na tuliwaona wakipokewa Kiyanzi na Rukara wakiwa na vifurushi vya nguo tu. Kwa upande mwingine, Warundi wa 1972 wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, baada ya miaka zaidi ya 40.

Kuhusu yule ndugu aliyefika usiku bila karatasi, baraza la wazee limekubaliana hivi: mwenye nyumba ampe chakula na mahali pa kulala kwanza, na asimtaje kwa mtu yeyote mwenye nia ya kumdhuru. Kisha, akishapumzika, shemasi mmoja amsindikize kwenda kujiandikisha, asiende peke yake, na wakae naye mpaka ahojiwe. Majina ya mashemasi waliojitolea kwa zamu yamebandikwa mlangoni mwa kanisa. Wazee mliopitia Muyenzi, Mwesi, Ulyankulu, Katumba au Mishamo, na ambao bado mna vile vibali vya zamani vya kutokea makazini, tunaomba mvilete siku ya Jumapili baada ya ibada. Vijana wa sekondari wangependa kuviona.