Allidina Visram: Daftari Lililovuka Mipaka

Wanafunzi wa Kitengela na Kajiado wakiulizwa ni mtu wa namna gani awezaye kuongoza shughuli za fedha katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja, aghalabu humtaja mtu aliyevaa suti, aketiye mbele ya kompyuta katika ghorofa ya juu mjini Nairobi au London. Nimefundisha masomo ya biashara huku kwetu kwa muda wa kutosha kulijua jibu hilo kabla halijatolewa. Leo ningependa kuwaeleza wasomaji habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo hiyo Afrika Mashariki wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi alizofanyia biashara haikuwa na benki hata moja. Jina lake ni Allidina Visram. Alifaulu sana, na baada yake kazi yake ikaporomoka upesi. Mambo yote mawili yanatuhusu.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, magharibi ya India. Hakuzaliwa katika utajiri. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alivuka bahari kwa jahazi, akafika pwani ya Afrika Mashariki na kuanza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeziwezesha safari za misafara kwenda bara. Huyo Sewa Haji ndiye aliyetoa jengo la shule huko Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wapokewe. Kijana Allidina alijifunza kazi kwa kuhesabu marobota, kupima pembe na kuandika madeni.

Kazi hiyo ilihitaji maarifa yasiyopatikana katika hesabu peke yake. Msafara uliokwenda bara ulibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, na hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha. Kila jamii ilikuwa na shanga zake: rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa safari ya siku chache mbele, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa juu ya mali yake. Joseph Thomson, aliyepita katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alilazimika kwanza kutua Taveta ili shanga zake zitungwe upya kwa mtindo ambao Wamaasai wangeukubali. Mfanyabiashara wa pwani aliyewakopesha watu bidhaa za safari alipaswa kuyajua hayo yote angali Bagamoyo. Kabla ya kujua bei ya kitu, ilimpasa kujua ni nani atakayekithamini, na kwa nini. Akina mama wanaouza mapambo ya shanga mjini Kajiado leo ni warithi wa biashara hiyo ya kale iliyopitia Zanzibar na Bagamoyo.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alichukua nafasi yake katika biashara ya misafara. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Mwaka 1899 ilivuka mbuga za Kapiti na Athi, hapa jirani na Kitengela, ikafika Nairobi; mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Matajiri wengi wa misafara waliiona reli kuwa adui wa kazi yao. Allidina aliona kwamba mahali ambapo garimoshi litasimama patahitaji duka. Akafungua maduka katika vituo vya njiani, akahamishia makao makuu yake Mombasa, akaingia Uganda, na mawakala wake wakaenea kutoka pwani hadi mipakani mwa Kongo. Baadaye alianzisha viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta, pamoja na mashamba makubwa. Wapo waliomwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Hebu tutazame ugumu wa kuongoza fedha za biashara ya namna hiyo. Katika himaya ya Waingereza rupia ya India ndiyo iliyotumika. Wajerumani walikuwa na rupia yao, na tangu mwaka 1904 wakaigawa katika heller 100. Uganda simbi zilikuwa bado zikihesabiwa sokoni alipoingia. Kongo ilifuata faranga. Benki ya National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, Nairobi mwaka 1904, na Entebbe mwaka 1906. Basi kwa miaka kadhaa, mtu aliyekuwa Uganda na fedha zake zikiwa pwani alihitaji mfanyabiashara anayeaminika pande zote mbili. Kampuni ya Allidina ilifanya kazi hiyo, na hata maofisa wa serikali na wageni wa Ulaya waliitumia kupata na kuhamisha fedha.

Chombo chao kilikuwa hundi. Mtu alikabidhi fedha au mali mahali pamoja, akapewa karatasi, na karatasi ile ikalipwa mahali pengine mbali bila sarafu hata moja kubebwa njiani. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaonyesha kwamba historia hii imo vinywani mwetu. Hundi, bima na laki ni maneno tuliyoyapata kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Pesa ni paisa ya India. Hela ni heller ya Mjerumani. Mtu wa Kitengela anayetuma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, analitamka jina la sarafu ndogo ya Kihindi, na anafanya jambo ambalo hundi ililifanya: fedha zinahama bila kubebwa.

Nguzo ya yote hayo ilikuwa uaminifu. Lakini hapana budi tuulize: uaminifu wa nani kwa nani? Allidina aliwaleta vijana kutoka Kutch na Gujarat, akawapa kazi, akawafunza, na wengi wakaja kufungua maduka yao kwa mali ya mkopo kutoka kwake. Ngazi hiyo ilipandwa zaidi na watu wa asili yake. Waafrika walikuwa wapagazi, vibarua na wanunuzi. Na sheria za kikoloni zilifanya iwe vigumu zaidi kwa Mwafrika kupewa mkopo wa maana. Pembe zilizomtajirisha yeye na wenzake zilibebwa mabegani mwa watu ambao majina yao hayamo katika historia ya utajiri huo. Tumsifu Allidina kwa haki, lakini tusiwasahau hao.

Vita vya mwaka 1914 vilizigeuza nchi alizofanyia biashara kuwa maadui. Mwaka 1916 Allidina alifanya safari ya kibiashara kwenda Kongo, akapata homa, akafariki mwaka huo huo. Mwanawe, Abdulrasul, alishika hatamu, naye ndiye aliyeanzisha ujenzi wa shule ya Mombasa ambayo hadi leo ina jina la baba yake. Lakini mambo yalikuwa magumu. Rupia iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza iliwekwa mwaka 1920 kuwa shilingi mbili, na mzigo wa kila aliyekuwa na deni la rupia ukaongezeka. Sarafu ya rupia yenyewe ikaondolewa, ikaja florini, kisha shilingi. Abdulrasul hakuishi muda mrefu, na katika miaka hiyo ya 1920 biashara ile kubwa ikasambaratika.

Wapo watakaosema kwamba vita na misukosuko ya sarafu ndivyo vilivyoiangusha. Sikatai. Lakini kampuni nyingine zilipita katika dhoruba hiyo hiyo zikabaki. Maoni yangu ni kwamba imani ya watu ilikuwa imefungwa kwa mtu mmoja mno. Wenye maduka walimjua Allidina. Wadai walimjua Allidina. Alipoondoka, na mwanawe akaondoka, hakukuwa na nguzo nyingine ya kuibeba imani hiyo. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, endapo daftari lenyewe linaweza kusomwa na mtu mmoja tu.

Naam, tuitazame sasa Kaunti yetu ya Kajiado. Malori hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga, ambako shilingi ya Kenya na ya Tanzania hubadilishwa kila siku. Kitengela ina Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii, Wasomali, Watanzania na wengineo, na katika vyama vingi vya akiba wanakaa pamoja. Lakini ni vyama vingapi ambavyo mweka hazina akiugua leo, mwenzake anaweza kulifungua daftari kesho na kujua nani anadai na nani anadaiwa? Ni wenye biashara wangapi waliomfunza mrithi asiye wa damu yao?

Nawashauri walimu wenzangu walipeleke swali hili darasani. Mwanafunzi aagizwe kuandika hesabu za duka dogo linalouza Kitengela na kununua Namanga, kwa shilingi za nchi mbili. Kisha ampe daftari lake mwenzake wa kabila jingine alisome na kuiendeleza biashara bila kumwuliza neno. Mwenzake akishindwa, hesabu zirudiwe hata kama majumlisho yote ni sahihi.